Sahani ya Ukingo wa Buluu

Ukitaka ugomvi na Mzee Futi, iguse suruali yake. Binti yake aliigusa Jumamosi ile asubuhi, mle mle kwenye chumba cha kushonea, tena si kwa bahati mbaya. Aliitoa suruali ya kutokea pale msumarini, akaugeuza mkanda wake nje ndani, akakuta kwa nyuma pameongezwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Kilikuwa kimeshonwa kwa ustadi, usipokitafuta hukioni.

"Baba, hii nini?"

"Suruali. Hujawahi kuona suruali?"

"Umeipanua tena kiuno."

"Nguo zikifuliwa zinapungua. Hivi fundi humu ndani ni nani, mimi au wewe?"

Binti aliinamisha macho kwenye miguu ya baba yake, na baba yake akairudisha haraka chini ya cherehani. Alikuwa amechelewa. Kamba za viatu hazikuwa zimefungwa, kwa sababu hazikufungika, na juu ya viatu nyama ya mguu ilikuwa imefura.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," binti akasema.

"Guu halijavunjika, limevimba tu. Na mkuu humu ndani ni mimi."

Ndivyo alivyokuwa huyu mzee, mbishi wa kuzaliwa. Jina la Futi alipewa kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo, ambayo haikutoka shingoni mwake tangu asubuhi mpaka usiku. Wapo walioapa kwamba hata kulala analala nayo. Alikuwa amepima viuno vya mtaa mzima. Alijua nani kanenepa baada ya kuoa, nani kakonda kwa mawazo, na nani anavuta tumbo ndani akipimwa halafu suruali ikigoma kufunga anamlaumu fundi. Ila kiuno chake mwenyewe alikuwa anakipima huku kafumba macho.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, dereva wa gari la watoto wa shule. Mtu anayeweza kulinyamazisha gari zima la watoto wenye njaa kwa kukohoa mara moja hababaishwi na mzee mmoja. Wiki ile alikuwa amempeleka baba yake kliniki, akayasikia ya daktari kwa masikio yake mwenyewe: presha imepanda vibaya, chumvi na mafuta vipunguzwe, la sivyo miguu hiyo itafika mahali haitakanyaga cherehani tena. Daktari akauliza mgonjwa anakula wapi. Mzee akajibu kwamba anakula nyumbani, chakula safi, mboga kwa wingi. Binti akamuuliza, "Na kule mgahawani, baba?" Mzee akaanza kuhesabu mbao za dari.

"Kwa hiyo leo ni mara ya mwisho," binti alisema sasa, akiirudisha suruali msumarini. "Nitakupeleka mwenyewe. Utakula, utaaga, tutarudi. Kuanzia kesho unakula ninachopika mimi."

Mzee Futi akavuta mkasi. Alichukua kitambaa, akaanza kukata nyuzi ambazo hazikuhitaji kukatwa. Jamani, mgahawa wenyewe, wa mtaa wa pili, haukuwa kitu: meza chache za mbao, feni moja inayolalamika, na kalenda ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Lakini pale dirishani palikuwa na meza yake na mkewe.

Mkewe watu walimwita Mama Vifungo. Mzee alikata na kushona kwa mashine, mkewe akamalizia kwa mkono: vifungo, matundu ya vifungo, mapindo. Kidoleni alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma kinachozuia sindano isimtoboe mtu, na alikuwa ameizoea mpaka akisahau kuivua. Alipika nayo. Alisuka nayo nywele za binti yake, na binti akilia kwamba inamgonga kichwani. Kila Jumamosi mchana walifunga duka, wakajikung'uta vipande vya nyuzi, wakaenda kula dirishani kama bwana na bibi harusi.

Na mzee alikuwa na mbwembwe zake. Akishakaa tu, anamwita mhudumu kwa sauti ya watu wote kusikia: "Nileteeni samaki wa kukaanga, aelee kwenye mafuta! Na wali uwe mlima! Msinionee huruma!" Mama Vifungo hakubisha hata siku moja. Alicheka tu, akainuka, akasema, "Ngoja nikanawe mikono." Pale kwenye chumba cha kulia palikuwa na beseni zuri la kunawia, lakini yeye aliliruka, akaingia mpaka jikoni. Alidai mikono yake ina chaki ya kitambaa, itachafua beseni la wageni. Huko alikaa, akakaa, mpaka mzee akawa anamwuliza akirudi, "Mwenzangu, ulienda kunawa au kuoga?"

Kisha chakula kinakuja, na hapo ndipo mzee alipokuwa anavimba kichwa. Watu wote waliletewa sahani nyeupe, lakini ya kwake ilikuwa na ukingo wa buluu. "Umeona?" alimwambia mkewe kila mara. "Hii ni heshima ya mteja wa siku nyingi." Mkewe anaitikia, "Eti eh?" huku akitazama nje dirishani. Na chakula kile, asikwambie mtu! Samaki alinukia moshi na ndimu, mboga zilikuwa mbichi mbichi, na wali ulilazwa juu ya kabichi laini. Hata kliniki alijitapa nacho. "Mimi nakula mafuta ya hotelini kila Jumamosi," alimwambia nesi, "na presha yangu hebu itazame. Haya mambo ya kujinyima ni ya watu waoga." Nesi alipima, akapima tena, akaandika kwamba iko sawa.

Mama Vifungo alifariki mwaka juzi, hospitali ya mbali, baada ya kuugua kwa muda mfupi tu. Mzee alipokwisha kukaa nyumbani siku za kutosha za msiba, miguu yake ilimpeleka dirishani yenyewe. Mhudumu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi hayupo, akamwuliza, "Mama hajambo?" Na mzee, bila kupanga, akasikia mdomo wake unajibu, "Hajambo. Yuko nyumbani."

Akaona raha iliyoje! Kwa muda wa kula chakula kimoja, mkewe alikuwa nyumbani, hajambo, anapinda suruali ya mtu. Tangu siku hiyo alijibu hivyo hivyo kila alipoulizwa, na wahudumu walipobadilika wakaacha kuuliza. Mtaani kote Mama Vifungo alikuwa marehemu, ila mle mgahawani hakuwahi kufa. Ndiyo maana Jumamosi peke yake haikutosha tena. Alikwenda Jumanne, alikwenda Alhamisi, alikwenda kila uzi ulipomkatikia.

Lakini chakula kilikuwa kimeharibika. Ile sahani ya ukingo wa buluu haikuja tena. Alipewa nyeupe, kama mpita njia. Samaki alikuja amezama kwenye mafuta kweli kweli, chumvi ikamkwaruza koo, wali unang'aa. Akauliza kama wamebadilisha mpishi. Wakamwambia hapana, mzee, ni yule yule. Basi akaelewa, au alidhani ameelewa, kwamba kilichoharibika ni ulimi wake, kwamba ladha ameizika pamoja na mkewe. Akawa anaitafuta kwa kulazimisha: anaongeza chumvi, anaongeza pilipili, anaagiza samaki wa pili labda yule ndiye atakayekuwa mwenyewe. Hakuwa yeye, na suruali ikaongezwa kitambaa.

Hayo yote alikuwa nayo kifuani alipopanda gari la shule mchana ule, akakaa kwenye kiti cha mbele chini ya bango lililoandikwa USITOE KICHWA NJE. Kiatu kimoja kilimchomoka wakati wa kushuka, binti akainama akamvisha. Kuvishwa kiatu hadharani kulimuuma mzee kuliko uvimbe wenyewe.

Walikaa dirishani. Binti alipotaka kuvuta kiti cha mama yake, mzee akatikisa kichwa, akamwonyesha kiti cha pembeni. Mhudumu, kijana mwenye kalamu sikioni, akaja na menyu, na hapo balaa likaanza.

"Huyu samaki mnamkaanga au mnamchoma?" binti akauliza.

"Tunakaanga, dada. Kuchoma tunaweza, ukisema."

"Kwenye maharage chumvi mnatia mwanzo au mwisho?"

"Sijui, dada, niulize..."

"Mchuzi mnaweza kuuweka kando, kwenye bakuli lake? Na mboga ziongezwe, wali upungue. Soda hatutaki, lete maji. Ana presha, unajua, na miguu yake..."

"We mtoto!" Mzee Futi alipiga meza kwa kiganja. Watu wa meza ya jirani wakageuka. "Miguu yangu imeandikwa kwenye menyu? Hee! Nimekula hapa wewe hujajua kufunga vifungo, leo unanitangazia maradhi kama mnada! Kijana, niletee kama kawaida. Samaki wa kukaanga."

"Baba, ulikubali kuaga, hukukubali kujiua."

"Basi niache niage kwa namna yangu!"

Binti akaifunga menyu, lakini kidevu kilimtetemeka, na mzee akakiona. Alikuwa anataka kusema neno jema, neno likamkwama. Watu wabishi wana tabu hiyo: ubishi unawatoka kama maji, pole inawatoka kama jino. Akainuka. "Ngoja nikanawe mikono," akasema, na alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake akasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Bomba la beseni lilikuwa limefungwa kitambaa. "Limeharibika, mzee," yule kijana akamwambia akiwa na karatasi yake ya oda mkononi. "Nawia la jikoni. Mlango ule."

Mzee Futi hakuwahi kuuvuka mlango ule. Alikuta chumba chembamba chenye joto, vitunguu vimefungwa mafungu dirishani, sufuria zimening'inia kwa ukubwa wake kama ndugu waliopangwa kwa picha. Mwisho wa chumba, mpishi alikuwa amewapa mgongo watu wote, mama mnene mwenye kitambaa kichwani, mwiko mkononi, mafuta yakichemka mbele yake. Karo ya kuoshea vyombo ilikuwa hapa mlangoni. Mzee akafungua bomba, likalia. Akapeleka mikono, na kidole chake kidogo kikagonga chuma mara mbili: ti, ti. Alikuwa amesahau kuvua kastabini. Tangu mkewe afariki alikuwa anapinda nguo mwenyewe, na kastabini ile ilimwingia kwenye kidole kidogo tu.

"Nimekusikia, Mama Vifungo!" mpishi akapaza sauti bila kugeuka. "Lo, mwenzangu! Ulipotelea wapi wewe mwanamke?"

Mzee Futi akabaki na maji yanamtiririka mikononi.

"Nilikwambia nitakununia na nilikununia kweli," mpishi aliendelea, anageuza samaki wa watu. "Mtu unakata mguu, hata salamu hakuna! Haya, mbishi wako leo kaagiza nini? Samaki aelee kwenye mafuta, eh? Na wali mlima!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nitamchomea kama siku zote. Ndimu, kitunguu saumu, chumvi ya ncha ya kidole. Maharage ninamchotea kabla sijatia chumvi. Kabichi chini, wali juu, aone mlima. Na ile sahani yake ya ukingo wa buluu nimeifungia kabatini, hawa watoto wa siku hizi wangeshaivunja. Presha yake vipi? Bado anajisifu kwa manesi?"

Mzee alijaribu kufunga bomba, likazidi kulia.

"Mbona kimya?" Mpishi akageuka. Akamwona mzee mwenye futi shingoni, mikono inadondosha maji. "Ala! Wewe nani?"

"Mimi," akasema Mzee Futi, "ndiye mbishi."

Mwiko ukateremka taratibu. "Shemeji? Mungu wangu, na maneno yote yale! Nisamehe, shemeji. Sikujua... huku jikoni sioni nani kakaa wapi, naletewa karatasi tu. Mwenyewe yuko wapi? Hajambo?"

Jibu lilikuwa limekaa tayari ulimini, limelainika kwa kutumika: hajambo, yuko nyumbani. Alilitaka litoke. Lingetoka, angerudi mezani na mkewe mzima. Lakini huyu mama alikuwa amemnunia mtu asiye na kosa muda wote huu, na sahani ameitunza kabatini. Unawezaje kumdanganya mtu kama huyo?

"Amefariki, shemeji," akasema. "Mwaka juzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo ndani ya kuta zile. Mpishi akauzima moto. Akavuta kreti la soda, akalikalia, akajifunika uso kwa ncha ya aproni. "Mwaka juzi," alirudia. "Na mimi namnunia marehemu. Nikasema kapata hoteli nyingine. Mbona hawakuniambia?"

"Sikuwaambia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasema hajambo."

Mpishi akatikisa kichwa polepole, wala hakumlaumu. Mzee akaegemea karo. Alikuwa na swali, na aliona haya kuliuliza.

"Alikuwa anakwambia nini juu yangu?"

"Maneno mengi, mengine sikwambii." Mpishi akajifuta macho, akatabasamu kidogo. "Siku ya kwanza aliniambia, 'Mume wangu ukimwambia ni dawa, hali. Mwambie ni heshima, atalamba sahani.' Tukatafuta sahani. Zile za ukingo wa buluu zilikuwa za watoto, shemeji. Ni ndogo. Tukikujazia, unaona umepewa chakula cha mfalme."

"Ya watoto!"

"Ya watoto."

Mtu aliyepima mtaa mzima hakuwahi kupima sahani yake. Kilimtoka kicheko, kicheko kweli, cha tumboni, na katikati yake kikageuka kilio. Alilia bila kuficha, ameshika karo kwa mikono miwili, kastabini ikigongagonga chuma. Alimlilia mkewe aliyekaa kimya akisikiliza majigambo yake Jumamosi baada ya Jumamosi, akasema "Eti eh?" na kutazama nje. Hakuwahi kumwumbua hata mbele ya nesi. Alimwachia sifa zote.

"Basi ulimi wangu haukufa," akasema alipopata pumzi.

"Ulimi wako mzima kabisa. Huyo samaki unayeletewa siku hizi hata mimi mpishi wake simwezi, lakini ndivyo wateja wanavyoagiza." Mpishi akainuka, akawasha moto tena. "Ila nikwambie, shemeji. Mimi siwezi kubahatisha. Karatasi inasema dirishani, samaki, kwisha. Mama Vifungo alikuwa anakuja kusema. Asiposema mtu, napika ya watu wote. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua."

Mlangoni yule kijana mwenye kalamu sikioni alikuwa amesimama na oda, na nyuma yake muosha vyombo na beseni lake. Zamani Mzee Futi angekufa kwa aibu. Alijipangusa uso kwa ncha ya futi, akajinyoosha.

"Nina presha," akasema. "Miguu inavimba, suruali haifungi. Naomba usinikaangie. Chumvi nipunguzie." Akaizungusha kastabini kidoleni. "Na naomba ile sahani ya watoto."

Alirudi mezani. Binti alikuwa amegeukia dirisha, anajifanya anaangalia gari lake. Mzee hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kiti cha mkewe, akakaa hapo, akaona kwa mara ya kwanza alichokuwa anakitazama mkewe siku zote: bango la duka, fundi baiskeli, na kioo cha dirisha ambamo yeye Mzee Futi, angekuwa bado kwenye kiti chake, angeonekana mzima mzima na mdomo wake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Neno lilitoka, tena bila kuumiza. "Nimewaambia mwenyewe."

"Umewaambia nini?"

Kabla hajajibu, chakula kikafika. Binti aliitazama sahani, akaitazama na ukingo wake. "Hii si ndiyo ile ya heshima yako? Mama alikuwa akiisimulia anacheka mpaka anakaa chini, halafu hasemi anacheka nini."

"Ngoja," mzee akasema, "nionje kwanza."

Akachukua kipande cha samaki, akaweka mdomoni. Moshi. Ndimu. Kitunguu saumu kwa nyuma, chumvi ikipita mbali tu kama mtu anayesalimu bila kusimama. Akatia kijiko cha wali, akakuta chini kabichi laini. Mungu wangu! Ilikuwa Jumamosi ya zamani, duka limefungwa, nyuzi begani, na mbele yake mwanamke wake anacheka kwa kitu asichokisema. Kumbe ladha aliyoitafuta kwa chumvi na mafuta ya mji mzima ilikuwa ladha ya kutunzwa. Alitafuna polepole, machozi yanashuka, wala hakuyafuta.

"Baba? Kibaya?"

"Mama yako," akasema, "alikuwa hanawi mikono."

Akamsimulia yote, na mlima wa wali ukapungua hadithi ikiendelea. Ilipofika kwenye sahani ya watoto, binti aliangua kicheko kile kile cha mama yake, akaweka kichwa mezani, na alipokiinua alikuwa analia. Alinyoosha mkono, akamshika baba yake kidole kidogo chenye kastabini.

"Alinigonga nayo kichwa miaka yote," akasema.

"Na mimi leo imenigonga."

Walikaa mpaka feni ikazimwa. Wakati wa kuondoka binti alimvisha tena kiatu, na safari hii mzee alimwachia, akamshika bega asianguke. "Jumamosi ijayo," binti akasema akiwa bado ameinama, "nitakuja kukuchukua mapema kidogo. Watoto wangu wa masomo ya ziada nikishawashusha."

"Si ulisema leo ni kuaga?"

"Umeaga. Umeaga vya kukaanga. Na Jumanne na Alhamisi unakula kwangu."

"Sawa," akasema Mzee Futi, na binti yake akashtuka kusikia neno hilo limetoka mdomo gani.

Jumamosi iliyofuata beseni la chumba cha kulia lilikuwa limetengenezwa, bomba jipya linang'aa, na sabuni kando. Mzee Futi akalipita. Akasukuma mlango wa jikoni, akafungua lile bomba linalolia, akagonga kwa kastabini mara mbili. Mpishi alikuwa amempa mgongo, mwiko mkononi. Kama alisema kwa mazoea au kwa makusudi, mzee hakujua, wala hakutaka kujua.

"Nimekusikia, Mama Vifungo! Mbishi wako leo anataka nini?"

Mzee Futi akafunga bomba.

"Anataka samaki wa kukaanga," akasema. "Usimpe."